Swali nililomuuliza rubani tukikaribia kutua Port Victoria

Wakuu, heshima kwenu.

Hii sikusimuliwa. Nilikuwa kiti cha mbele, kulia kwa rubani. Nitaieleza ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo kwa miaka mingi nilikuwa naiacha nje. Swali langu nusura lituue, na karibu limnyang'anye mtu leseni yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nimetoka chuo kikuu, nimeajiriwa Kisumu na mfanyabiashara wa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, nitamwita Mzee Okelo. Alikuwa na ndege ndogo ya watu wanne, injini moja. Rubani wake alikuwa Kapteni Mwangi. Wazazi wake walitoka Murang'a wakafungua duka Kisumu kabla hajazaliwa, na Dholuo yake, lugha ya Waluo wa huko, ilikuwa bora kuliko yangu.

Mimi wakati huo nilikuwa mtu wa kuuliza. Kanisani nauliza, ofisini nauliza, hata matangani nauliza. Nilidhani hiyo ndiyo elimu.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunaenda kiwanja cha nyasi karibu na Port Victoria, Mzee akutane na wavuvi. Njia nzima nilimhoji Kapteni. Alinieleza kwa upole kwamba tairi za ndege ile hukunjwa ndani ikishapaa, na hushushwa kabla ya kutua. Zikishuka sawasawa, taa tatu za kijani zinawaka.

Sasa, jambo moja kuhusu viwanja vile. Ndege ilikuja mara moja kwa wiki, pengine isije. Siku zingine zote kiwanja kilikuwa cha akina mama wa omena, wale dagaa wa ziwa. Walitandaza nyavu kuukuu kwenye nyasi na kuwaanika juu yake.

Kwa hivyo rubani akifika hatui moja kwa moja. Anapita chini kabisa, wanasikia mngurumo, wanakunja nyavu. Yeye anapanda, anazunguka juu ya ziwa, ndipo anarudi kutua.

Kapteni alifanya hivyo. Alikuwa ameshashusha tairi, akazikunja tena ili apande vizuri. Huko juu ya ziwa akaanza kazi yake ya kila siku, kidole kikigusa kitu kimoja baada ya kingine, akitaja kila kimoja kama anasali.

"Mikanda," akasema. "Mafuta."

Hapo ndipo nikamuuliza, "Kapteni, hii ndege umeirusha miaka mingapi? Kwa nini unakariri kama mtoto wa nursery?"

Mzee Okelo alicheka huko nyuma. Kapteni naye akacheka.

"Nakariri kwa sababu kichwa hudanganya, omera, ndugu yangu."

Kidole kikarudi kazini. Lakini hakikurudi pale kilipoachia. Kiliruka kimoja. Wakati ule sikuona. Nimekiona baadaye, mara nyingi sana.

Tukaanza kushuka. Akina mama walikuwa wamesimama kando ya kiwanja wakipunga leso kwa nguvu. Mzee akafurahi, akasema huku ndiko nyumbani, na akawapungia mkono.

Karibu na ardhi king'ora kikalia. Kapteni alidhani ni kile cha kawaida kinacholia ndege inapopunguza mwendo ili iguse. Vilikuwa viwili, kingine cha kuonya kwamba tairi hazijashuka, na sauti zake zinafanana.

Mimi nilitazama mahali pa zile taa tatu. Hazikuwaka.

Wakuu, nilikuwa na kama sekunde tatu. Mtu wa kuuliza kila kitu, na nikajiambia labda ni jua limezimeza.

Kisha propela ikagonga ardhi.

Sauti ile siwezi kuifananisha. Ndege ilikwenda kwa tumbo, udongo ukifunika kioo, kitu kikisagika chini ya miguu yangu, Mzee akimwita mamake. Tulisimama hatua chache kabla ya ua wa katani. Harufu ya mafuta ikajaa.

Ndege ile ilikuwa na mlango mmoja tu, upande wangu. Kapteni alisema, taratibu kabisa, "Fungua mlango." Mikono yangu haikujua mlango ni nini. Aliniinamia, akaufungua yeye, akanisukuma nje kama gunia. Alitoka wa mwisho.

Hatukuumia. Mama mmoja alikuja akihema, leso bado mkononi. Akaizunguka ndege yote, kisha akamwambia Kapteni, "Baba, miguu yake umeiacha Kisumu?"

Kapteni alikaa chini kwenye nyasi.

Wiki iliyofuata mkaguzi alikuja kutoka Nairobi. Kila mmoja aandike alichoona. Mzee aliniita kando, akaniagiza niandike, kama yeye, kwamba rubani alisinzia. Nilikataa, na nikajiona shujaa. Lakini nilichoandika ni hiki: "Sikuona jambo lolote lisilo la kawaida."

Mkaguzi alisoma karatasi yangu, akavua miwani. Aliniuliza kama nina hakika, maana rubani mwenyewe ameandika tofauti. Akanisomea ya Kapteni.

"Nilikatiza ukaguzi wa kutua nikazungumza. Sikuanza upya. Kosa ni langu."

Jina langu halikuwemo. Swali langu halikuwemo.

Niliomba karatasi yangu irudishwe. Nikaandika upya, swali neno kwa neno, taa, na ule ukimya wangu. Mkaguzi aliniambia wazi kwamba haimwondolei rubani jukumu. Ila inaonyesha hakusinzia na hakudanganya.

Leseni ilisimamishwa. Alirudi kufanya mtihani wa kurusha mbele ya mwalimu, akarudishiwa. Mzee Okelo alitufuta kazi wote wawili.

Nilimkuta Kapteni baadaye sokoni Otonglo akichagua nyanya. Nikamwomba msamaha. Alisema nilikuwa abiria, yeye ndiye alipaswa kuninyamazisha halafu aanze tena kutoka mwanzo. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Lakini zile taa uliziona?"

Nikamjibu ndiyo.

Alitikisa kichwa, akaendelea na nyanya zake.

Nilichojifunza: bado nauliza, ila mtu akiwa katikati ya kazi yenye roho za watu, nangoja amalize. Na nikiona kitu hakijakaa sawa, siulizi tena. Nasema.

Kuna mwenzangu humu aliyewahi kuona na akanyamaza? Andika hapa chini. Sitakuhukumu, sina uso wa kukuhukumu.