Gari Likipoa Tutaondoka

Sijawahi kuendesha gari maishani mwangu, na hamu hiyo sina. Lakini niulize joto la giaboksi ya otomatiki, nitakutajia bila kupepesa macho. Mafuta yake yakifanya kazi vizuri hukaa kwenye nyuzi themanini, tisini hivi, karibu na maji ya chai kabla hayajachemka. Kwenye mlima mrefu yanaweza kufika mia, na si neno, mradi yashuke tena. Yakizidi mia na ishirini yanaanza kuungua, na yakishaungua gari linabaki kunguruma tu mahali lilipo. Haya yote alinieleza fundi mmoja wa Kayanga baada ya mazishi, wakati hayakuwa na faida tena kwa mtu yeyote.

Kaka yangu mkubwa alirudi nyumbani Bugomora kutoka Mwanza miaka ile ya tisini, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Karagwe na malori ya misaada yakazichimbua barabara zetu. Alikuja na gari dogo jeupe la mtumba lisilo na klachi. Watu walichungulia miguuni pa dereva, wakakuta pedeli mbili, wakamcheka kwamba ameuziwa gari lenye kilema. Kaka hakupenda. Akawajibu kwamba sasa wao na machela yao watapumzika.

Neno hilo lilimgusa baba, maana yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa machela. Mtu akizidiwa kitongojini, wanaume walimlaza kwenye machela ya miti na kamba wakambeba kwa zamu mpaka hospitali, bila kudai kitu. Baba alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa. Alichukua panga akaenda kupunguzia migomba majani.

Jumamosi moja binti wa shangazi alikuwa anaolewa, na gari la kaka ndilo la kumpeleka kanisani. Asubuhi wanawake tulilipamba. Mbele tulifunga makindu na majani machanga ya mgomba, tukachomeka maua mekundu juu yake, zikabaki taa tu zinachungulia. Tulikuwa bado tunajisifu pale baba alipoanguka shambani, ameshika kinena. Alikuwa na ngiri ya miaka mingi aliyoificha kwa aibu, na siku hiyo ilitoka ikagoma kurudi. Mganga wa zahanati aliigusa akasema hii ni ya kisu, tena leo hii, kwa sababu utumbo ukikosa damu unaoza.

Wanaume walikuwa wameshaleta machela. Kaka akawaambia waiache, gari lipo. Tukamlaza baba kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Mtu mmoja akataka kuyafungua yale majani, shangazi akamzuia. "Acheni aende hivyo hivyo," alisema. "Si atarudi kumchukua bibi harusi? Nani atalipamba tena?" Tukaondoka tumepambwa.

Gari lilitambaa kilima baada ya kilima, linaingia shimo hili na kutoka lile. Kaka alikuwa akiutazama mshale wa joto mbele yake, na mshale ulikuwa umepanda kidogo tu, kwa hiyo moyo wake ulitulia. Kumbe mshale ule ulipima maji ya injini, haukupima mafuta ya gia. Mafuta ya gia hupozwa palepale mbele, kwenye rejeta, na upepo wa kuyapoza sisi tulikuwa tumeufungia nje kwa makindu.

Kwenye mlima wa kuingia Kihanga injini ikapaza sauti, gari likasimama. Kulinuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

"Limechemka tu," kaka alisema. "Likipoa tutaondoka."

Tukangoja. Akayang'oa majani yote, akayatandaza barabarani nyuma na mbele ili wenye magari wajue kuna gari bovu. Halikupita gari hata moja. Baba alikuwa akitoka jasho la baridi na kuuma mkono wa shati lake. Nikamwambia kaka kwamba hapa migombani kuna miji ya watu, tuombe machela.

"Machela ya nini, na gari ninalo?"

Akaliwasha. Likasogea hatua chache, likagoma. Akarudia maneno yale yale, likipoa tutaondoka. Nilimchukia kaka yangu pale barabarani, nikamwambia hivyo. Baba ndiye aliyetunyamazisha.

"Mwanangu," alimwambia kaka, "waite watu."

Watu wa Kihanga hawakutujua, wala hawakuuliza sisi ni wa ukoo gani. Walitoka migombani na machela yao, wakamwamkia baba, "Shikamoo mzee, pole," wakamwinua. Kaka akavua koti lake la harusi, akanipa mimi nilishike, akaingiza bega chini ya mti wa mbele.

Hakuwa amewahi kubeba. Alitupa hatua ndefu na machela ikayumba. Wabebaji wana desturi yao: mmoja hutoa sauti, na wote hubadilisha bega kwa pamoja, ili mgonjwa asitikisike. Baba, macho ameyafumba, akaanza kuwaongoza.

"Bega," alisema, nao wakabadilisha. Wakacheka kidogo kwamba leo wanaongozwa na mgonjwa.

"Wewe wa mbele, fupisha hatua."

"Ndiyo, Tata," kaka akajibu. Tata ndivyo tulivyomwita baba tulipokuwa wadogo.

Tulikwenda hivyo mwendo mrefu. Kila kitongoji walitoka wanaume wapya wakawapokea waliochoka, lakini kaka alikataa kupokewa. Sauti ya baba ilikuwa inapungua, ila hakuna zamu iliyompita bila kusema "bega". Nikaanza kuamini kwamba tutafika.

Kwenye mpando wa mwisho tuliyaona mabati ya hospitali. Nilikuwa natembea ubavuni mwa machela, nimekumbatia lile koti, na nikauona uso wa baba. Wabebaji wa nyuma waliniangalia mimi, kisha wakamwangalia yeye. Kaka alikuwa mbele, asingeweza kugeuka.

"Tata, bega," alisema.

Tuliendelea kupanda.

"Tata, bega linaniuma."

Nilikuwa bado na hasira naye, na hata hivyo ningetoa chochote baba amjibu, mara moja tu. Hakuna aliyethubutu kuitoa sauti ile badala yake. Kaka alifika getini na bega lilelile.