Chumvi ya Sundus

Mtu yeyote wa ploti yetu hapa Free Area, Nakuru, atakuambia Farhiya hashindwi na maneno. Yeye hupika pilau ya harusi za matajiri wa Milimani, na mwenye sherehe akianza kumpunguzia malipo, Farhiya hufunika sufuria na kuketi kando yake mpaka mtu ajirudi. Tumeishi mlango kwa mlango tangu Natasha wangu akitambaa. Nilipofiwa na mume, ni yeye aliyenipikia na kunikalia hapo mpaka nimeze.

Mwezi uliopita mwenye ploti alipandisha kodi. Wiki hiyo hiyo mume wa Farhiya, Nasir, fundi wa malori, akaitiwa kazi Kampala, kwenye gereji ya Salmin, mume wa Sundus. Sundus ni mdogo wake Farhiya, tumbo moja. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa, na amani ikatoka nyumba ile.

Kila asubuhi Salmin alituma sauti kwa simu. Kodi ya huko ni nusu ya Nakuru. Matoke ni bei ya kutupa. Mchele, nyama, hata karo. Nasir alizifungulia kwa nguvu ili mkewe asikie, na mkewe akamjibu kwa kugonganisha sufuria. Farhiya alitetea viazi vya huku, akatetea maziwa, lakini kila walichopima, Kampala ilikuwa nafuu. Mimi ukutani kwangu nilisikia yote, na niliogopa. Nilitaka abaki, sitaficha.

Alhamisi alikuja kuomba chumvi, kama tulivyozoea kuombana. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mama Natasha, huyu mtu atanimaliza. Anasema nimpe sababu moja tu ya maana, tubaki."

Nikaona nafasi yangu. "Nyinyi mmepima vitu vya duka pekee," nikamwambia. "Pigia Sundus. Usimuulize bei. Muulize akiishiwa na chumvi, anagonga kwa nani."

Farhiya akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Akamwita Nasir, akapiga simu na kuiweka kwa spika juu ya meza yangu. Salamu zilikuwa ndefu mno. Nasir alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Sundus, chumvi ikikuishia huko, unagonga kwa nani?"

Nasir akainamisha kichwa, na mimi nikajua tumemweza.

"Haiwezi kuniishia, dada," Sundus akasema. "Niko na pakiti sita kwa kabati."

"Pakiti sita za nini? Unafungua duka?"

"Nikiona imepungua, nanunua ingine. Sina mtu wa kugongea." Akashusha sauti. "Usiambie Salmin. Yeye anadhani nilishazoea."

Nilikuwa karibu kupiga makofi. Sababu ndiyo hiyo, na Nasir ameisikia kwa masikio yake. Lakini Farhiya hakunitazama. Alikuwa ameshika kikombe cha chumvi niliyompimia, na ile hasira ya wiki nzima ilikuwa imemtoka usoni.

"Sundus," akasema polepole, "usinunue ingine."

Akakata simu, akamgeukia mumewe. "Waambie tunakuja."

Nasir akachomoa simu mfukoni kumpigia Salmin. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hiki nilikichimba kwa ulimi wangu. Nilimkasirikia siku mbili nzima, na siku ya kupakia vyombo nilimkumbatia bado nikiwa nimekasirika. Kikombe changu aliondoka nacho.

Kwake sasa anakaa kijana fulani anayetoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Nikimsalimia anasema "poa" na kufunga.

Jana nilipitia kwa duka la Mwaura kununua sukari. Nikaongeza chumvi, pakiti mbili.