Sahani ya Ami Nasoro

Hebu niambie, umewahi kufuatwa mlangoni ukaambiwa umrudishe maiti? Si mwili, maana mwili ushazikwa na watu wametawanyika. Mwenyewe, mzima, na pumzi zake! Sisi yametufika.

Mtoto wa miaka kama minane nilikuwa. Tumetoka Unguja baada ya ule mwaka wa sitini na nne, tunaishi Mawaleh, huku Omani, wakati huo mashamba matupu, kwenye pembe ya shamba la mitende la Mzee Humud, binamu wa marehemu babu. Nyumba ya makuti, kisima, mbuzi wawili. Baba yuko Kuwait anatafuta riziki. Mama yuko ndani na kichanga, arubaini haijesha. Mkubwa wa nyumba ni Bibi Zuwena, na mkalimani wake ni mimi, kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa cha kuswalia tu.

Bibi kapanda mbaazi kati ya mitende, mbegu alizokuja nazo kazifunga kwenye pindo la kanga. Zikaota upesi, na hilo nalo likawa neno. Wazinjibari hawa, majirani wakaulizana, nani anawalimia?

Halafu akafa Salim, mtoto wa jirani yetu Bi Shamsa. Kijana mwenye nguvu zake, homa ikamchukua kwa siku mbili. Na kule, kijana akifa ghafla hivyo, watu hunong'ona: huyu mughayyab. Yaani hakufa. Mchawi kamchukua, kaacha mfano wake ndio uzikwe, mwenyewe anatumikishwa shambani na kulishwa kwa siri. Bi Shamsa hakulia hata chozi. Utamlilia vipi mtu unayemtafuta?

Na sisi, masikini, tulikuwa na sahani.

Kila Maghrib, Bibi alipakua chakula cha Ami Nasoro, mdogo wake baba, akakifunika kwa kawa na kukiweka chumba cha nyuma pamoja na gilasi ya maji. Ami Nasoro alitolewa nyumbani kwetu Unguja mwaka ule wa sitini na nne, akapandishwa kwenye lori, hakuonekana tena. Mimi niliambiwa kachelewa. Asubuhi chakula wakipewa mbuzi, nami sikuona ajabu. Lakini Bi Shamsa aliona kupitia upenyo wa makuti. Kwao, sahani ya mtu asiyeonekana ina maana moja tu.

Walikuja adhana ya Maghrib ndiyo kwanza imekwisha, yeye na Mzee Humud na bakora yake.

"Wein waladi?" Bi Shamsa akauliza. Mwanangu yuko wapi?

Nikamfasiria Bibi. Bibi akacheka kwa hasira. "Mwambie, mimi ningekuwa mchawi ningelala kwenye makuti yanayovuja? Si ningejipatia jumba na mazulia!"

Hilo sikulifasiri. Nilikuwa mtoto, si mjinga.

Bi Shamsa akatupita, akaingia chumba cha nyuma, akafunua kawa. Wali ulikuwa bado unafuka. Akaanza kuita gizani, "Salim! Ya Salim! Ni mama yako!" Sauti ile, wallahi, mpaka leo inanisimamisha nywele. Chumba cha pili kichanga kikaanza kulia, na mama akakibembeleza.

Mzee Humud akanigeukia. "Ya bint, mwambie bibi yako atuonyeshe anayekula hapa. Asipomwonyesha, alfajiri mtoke shambani kwangu."

Tutoke twende wapi? Bibi alikuwa ameshika nguzo ya mlango kama mtu anayezuia nyumba isianguke.

"Mwambie sahani ni ya mwanangu Nasoro."

Nikasema.

"Basi atoke tumwone," akasema Mzee.

"Mwambie..." Bibi akaiachia nguzo. "Mwambie Nasoro kafa."

Nikamtazama. "Bibi, si kachelewa?"

"Sema, mwanangu."

"Mat," nikasema. Kafa. Na mimi ndipo nikapata habari, kwa ulimi wangu mwenyewe.

Bi Shamsa hakuridhika. "Ulimfumba macho alipokufa?"

"Sikumfumba."

"Ulimwona kazikwa?"

"Sikumwona."

"Sasa umejuaje?"

Bibi akamuuliza, "Na wako wewe, nani kamfumba macho?"

"Mimi. Kwa mikono yangu hii."

"Basi wewe unajua aliko."

Nilipolifasiri hilo, Bi Shamsa akakaa chini palepale na kilio chote alichokizuia kikatoka. Bibi akakaa ubavuni mwake, akamshika mkono. Mzee Humud akatoka bila kuaga. Alfajiri hakuna aliyetutoa, na usiku uliofuata Bibi hakupakua sahani. Hakupakua tena maisha yake yote.

Chuo kikuu nimesoma, nikafundishwa kuyaita haya belief systems, very nice, na shahada yenyewe haijanipa hata kazi ya kupokea simu. Nikienda kwenye usaili Hamriya, mjini Maskati, naulizwa kwanza, "Inti Zinjibariyya?" Wewe Mzanzibari? Lakini hakuna profesa aliyenieleza nilichokiona siku ile: ili sisi tusifukuzwe, Bibi alimuua mwanawe kwa kinywa chake, mbele ya mgeni aliyemwita mchawi. Mwenzake alikuwa na kaburi na hakuliamini. Bibi angeliamini kaburi lolote, angepewa.

Kafariki hajapewa.

Nyinyi mliompandisha lori mnajijua. Wengine mmezeeka sasa, mnaswali safu ya mbele. Fidia sitaki, na radhi zenu bakini nazo. Semeni tu mlimfukia wapi.