Taa ya Ghala Juu ya Samaki

Maji yaliyooza majani yana harufu yake. Si harufu ya bwawa wala ya mtaro, ni kama mlenda uliosahauliwa sufuriani mpaka ukaota ukungu. Harufu hiyo ikinipata popote, mkono wangu wa kulia huanza kujikunja wenyewe kama umeshika tambara. Ndivyo nilivyoianza kila asubuhi ya kiangazi kile, nasugua kioo cha tangi la samaki sebuleni kwa Hamisi Mbaruku, Majengo, Dodoma. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye hakuona haya kunitaja mimi.

Baba yangu alikuwa mkulima wa Mlali, na karanga zake alimuuzia Hamisi. Siku moja Hamisi akamwambia, "Nipe huyu binti akae na mke wangu, mama Salha, asome mjini. Atakuwa kama wangu." Baba akaona nyota yake imewaka. Na kweli niliandikishwa shule, nikafika darasa la tano, nikaipenda shule kuliko kula. Ile ndiyo miaka ya ruksa, maduka yameanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Hamisi huyo huyo, miaka ya uhaba, alikuwa akificha sabuni na khanga chini ya kitanda na kupunguza utambi jioni ili majirani wasijue ndani kuna nini. Sasa alitaka kila kitu kionekane. Akaleta kutoka Dar es Salaam tangi la kioo, samaki wa rangi ya chungwa, na majani mabichi ya kupandwa kwenye mchanga humo humo majini. Akaliweka mkabala na dirisha la barabarani, akaniita. "Kazi yako hii. Likipendeza, unasoma. Likiharibika, unarudi kwenu."

Ikabaki taa. Fundi umeme wake alikuwa Lazaro, kijana mwembamba mwenye maneno mengi, akaja na taa tatu akazipanga juu ya mkeka kama muuza nyanya. Ya kwanza globu ya kawaida, yenye mwanga wa njano. Ya pili mrija mfupi mweupe, kama ule wa zahanati. Ya tatu taa kubwa ya kufungwa juu ya mlango wa ghala la mahindi, ile ambayo ukiisogelea uso unaungua. Lazaro akasema mrija ndio unaofaa, mwanga wake mweupe majani yatashiba na maji hayatachemka. Hamisi hata hakuugusa. Akanyoosha kidole kwenye taa ya ghala.

"Mzee, hii ni ya kumulikia wezi," Lazaro akasema.

"Na hao samaki unawajua tabia zao? Funga."

"Basi iwake saa chache tu, jioni. Majani nayo yanataka usiku wao."

Hamisi akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Nimekaa gizani miaka yote ile na nyumba imejaa mali. Taa yangu haizimwi. Mtu akipita Majengo saa yoyote aione." Lazaro akapanda kiti, akafunga. Mimi nilikuwa nimeshika kiti hicho kisiyumbe, ndiyo maana kila neno nimelihifadhi.

Wiki za kwanza watu walijaa dirishani, wauza mtama na wapagazi wa sokoni, watoto wamebebwa mabegani. Hamisi akitoka msikitini alipita taratibu katikati yao, kama bwana harusi. Kisha kioo kikaanza kuota utando wa kijani. Nikausugua, kesho yake umerudi. Majani yakavikwa uzi mwembamba kama nywele, yakalegea, yakaoza kuanzia shinani. Maji yakawa vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto mchanga, na samaki wakakaa juu wakiachama. Nikabadilisha maji kwa ndoo, maji yetu ya Dodoma yenye chumvi yaliyoacha weupe kwenye kila chombo, na chini ya taa ile yakageuka kijani tena. Alfajiri moja, adhana inaadhiniwa, nikaizima ili samaki wapumue. Hamisi aliporudi kutoka kuswali akakuta dirisha jeusi. Hakuuliza sababu. Alinipiga kofi, akaiwasha mwenyewe, na mama Salha akaniambia nikachemshe chai.

Siku ya kuja wakwe, watu wa posa ya Salha, tangi lilikuwa halionyeshi hata samaki. Mzee mmoja wa upande wa bwana akainama, akatazama, akasema, "Shemeji, mboga hii inaiva lini? Tumekuja na njaa." Sebule nzima ikacheka. Hamisi hakucheka. Akageuka, akanitafuta kwa macho kule mlangoni nilikosimama na sinia. "Huyu mtoto wa shamba amelimwagia sabuni. Watu hawa ukiwafundisha ustaarabu wanakulipa hivi." Nikasema sikumwaga. Lazaro alikuwepo, ameitwa kutengeneza feni, bisibisi mkononi. Nikamwangalia, naye akaangalia feni. Mama Salha, aliyeniona kila asubuhi nikisugua kwa maji matupu, akasema, "Watoto, huwezi kujua." Kesho yake nilipandishwa juu ya lori la mahindi na daftari zangu kwenye mfuko wa rambo.

Baba alimwamini Hamisi, kwa kuwa ndiye mnunuzi wake. Shule ya Mlali ikataka barua ya uhamisho, Hamisi akajibu hana muda wa kushughulikia mharibifu. Nikapewa jembe. Haya ninayoandika nimeandika polepole, na binti yangu amenirekebishia herufi.

Hamisi amekufa, wamemsifu sana msibani. Lazaro yupo. Sasa ninaishi Nzuguni, ambako kila nyumba ina taa mlangoni na hakuna anayesimama kuishangaa, na Lazaro ana duka la vifaa vya umeme hapo kituoni, ndevu zimekuwa nyeupe. Mwezi uliopita niliingia kununua globu ya chumba anachosomea binti yangu. Kaunta ina tangi dogo, majani yake mabichi yamesimama, juu yake kitaa chembamba. Alikuwa akimwelekeza mteja, kijana wa ofisini: "Washa saa chache tu, halafu zima. Majani nayo yanataka usiku wao." Maneno yale yale. Aliyajua siku ile ya wakwe, akayameza, ili aendelee kuitwa kwenye nyumba ile.

Aliponiona alinitambua, kwa sababu bisibisi aliyoshika ilimponyoka. Akaweka mikono juu ya kaunta, akangoja, kama mzee anavyongoja kuamkiwa. Mimi huwaamkia wote, hata walevi wa kilabuni walionizidi umri. Yeye nilimwambia, "Nataka globu." Akanipa. Nikatoka, na shikamoo yangu nikarudi nayo nyumbani.