Mlango Uliokuwa na Komeo kwa Nje

Sijazoea kusema uongo, na umri wangu hauniruhusu kuanza sasa. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, Ijumaa moja ya masika, katika karakana yangu ndogo chini ya jengo la ghorofa pale Mchafukoge. Anayedhani mambo ya namna hii husubiri usiku, na asome mpaka mwisho.

Wateja huniita mwalimu, lakini kazi yangu ni kutengeneza vichezeo vya mbao kwa watoto wenye usonji: magurudumu ya kuzungusha, shanga kubwa za kusogeza kwenye kijiti, vibao vyenye mawimbi ya kupapasa. Sipaki vanishi, kwa kuwa wengi wao huujua ulimwengu kwa ulimi. Hupaka mafuta ya nazi tu, na kabla ya kukabidhi kichezeo hukipitisha shavuni. Kikikwaruza, narudi kwenye msasa.

Wiki hiyo alinijia Mama Upendo, mwenyeji wa Rombo, muuza vitenge wa jumla Kariakoo. Bintiye Upendo hasemi, na zaidi ya mara moja alikuwa amechomoka dukani akakimbilia barabarani.

"Shikamoo, mwalimu. Nitengenezee kitu cha kumtuliza. Siku hizi namfungia stoo, sasa analia mpaka wateja wananiuliza nimefuga nini humo."

"Marahaba. Nawe unawajibu nini?"

"Nawaambia paka." Akacheka peke yake.

Nilimwambia kwamba mtoto si robota la vitenge la kuwekwa stoo. Akanitazama. "Gari likimgonga, mwalimu, utamfufua wewe?"

Nikamwahidi kibao cha kupapasa.

Mbao niliipata Msimbazi, kwa muuza mbao kuukuu: mlango mdogo wa mvule, wa chumba cha uani, kutoka nyumba ya kale iliyobomolewa. "Angalia, mwalimu," alisema yule bwana, "komeo liko nje. Sijui walikuwa wanamfungia mbuzi wa Idi!" Waliokuwapo wakacheka. Upande wa ndani, usawa wa kiuno changu, palikuwa na kishimo laini mfano wa kijiko. Nikakihesabu kuwa kasoro.

Ijumaa hiyo umeme ulikatika. Mvua ilinyesha polepole, wenye maduka walikuwa msikitini, na mtaa ukanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mwanga ulioingia mlangoni ulikuwa mweupe kama tui. Nikashika randa ili nikiondoe kile kishimo. Hapo ndipo niliposikia sauti moja isiyo na maneno, ikivuma chinichini kama nyuki ndani ya mtungi.

Alikuwa amesimama kando yangu. Uso wa mtoto, nywele za ajuza. Nje mvua, na kaniki yake kavu.

"Nani kakuleta, mwanangu?"

Hakujibu, wala hakunitazama. Alinishika kifundo cha mkono, kama wafanyavyo wengi wa watoto wetu hawa wasiosema: hawakuoneshi kitu kwa kidole, bali huuchukua mkono wako ukawa kidole chao. Akanitoa kwenye randa, akakiweka kidole gumba changu ndani ya kishimo, akakisugua juu na chini, juu na chini. Niamini, mkono wake ulikuwa baridi, lakini mbao ilikuwa na joto. Kisha akaweka kidole chake mwenyewe. Kilienea barabara.

Ndipo nilipoelewa. Si mchwa waliokichimba kishimo kile, wala maji. Ni mtoto aliyesimama nyuma ya komeo, akaupapasa mlango kwa miaka nisiyoijua, hata mvule, mti mgumu namna ile, ukalainika. Je, waliomfungia walilainika?

Nilipoinua uso, hapakuwa na mtu. Vumbi la mbao sakafuni lilikuwa na nyayo zangu tu.

Nilikata kibao nikakiacha kishimo kama kilivyo, nikakipaka mafuta, nikakipeleka dukani, nikamsimulia Mama Upendo yote.

"Mwalimu, umeanza kuota mchana!" alisema, huku akimfungulia mtoto.

Upendo alikipokea kibao, akatia kidole gumba kishimoni. Kilio kikakatika. Akaanza kuvumisha sauti: ileile, nyuki ndani ya mtungi. Kisha akaushika mkono wa mama yake, akauvuta hadi mlango wa stoo, akauweka juu ya komeo, akakisugua kidole cha mama juu ya chuma. Juu na chini.

Mama Upendo aliketi juu ya marobota yake akalia mbele ya wateja. Jioni ile komeo liling'olewa. Mlangoni pa duka niliweka kigeti kifupi cha mbao, kinachomzuia mtoto asiifikie barabara lakini kinamwacha awaone watu, nao wamwone.

Tangu Ijumaa ile kifundo changu cha mkono hakijapata joto, hata katika jua la Januari. Na mtu akiniambia kwamba nyumbani kwake hakuna mtoto kama Upendo, baridi ile huniuma.

Nawe unayesoma, ikiwa kwako kuna mlango wenye komeo kwa nje, ingia ndani, uupapase kwa shavu lako. Ukikuta mahali pamelainika, usingoje nyumba ibomolewe.