Sharti la Wachora Ramani

Siku ile ya Mwaya, pale bandarini kwenye ziwa letu, mwanangu, ikinijia mwili bado unanisisimka. Ilikuwa enzi za Mjerumani, nami binti wa Kikisi, namfulia nguo mama mmoja wa Kiholanzi. Mumewe na mwanawe wa pekee walikuwa wakipima ziwa letu. Kazi ya ukoo wao tangu babu ilikuwa kuchora ramani za maji, kuzichapa kwao Ulaya na kuwauzia manahodha.

Walikuwa na sharti lao, nami niliposimuliwa nilidhani nataniwa. Ramani haichapwi mpaka aliyeichora aongoze chombo kwa kuifuata, na mama yake mzazi awe ndani. Wazungu nao wana mambo.

Ikafika zamu ya kijana. Tukapanda mashua ya tanga, baba yake na wapiga makasia wakiwemo, kijana kashika usukani, ramani magotini. Mama yake, asiyejua kuogelea hata kidogo, alikaa kando yangu akitabasamu kama anayekwenda harusini. Tulipokaribia mahali mto Kiwira unapoingia ziwani, maji ya tope na yenye mamba, nikamwona kijana anatokwa jasho. Akaitazama ramani, akamtazama mama yake, akafungua mdomo, akaufumba.

Mashua ikaparamia fungu la mchanga, ikalala ubavu, na mama akaenda majini mzimamzima. Nilijitupa nikamdaka nywele. Wapiga makasia wakatuvuta hadi nchi kavu. Mtoto alijua, akanyamaza! Hilo ndilo lililonishtua kuliko mamba.

Ufukweni kijana alipiga magoti. Kiholanzi chao nilishaanza kukisikia.

"Pale sikupima, mama. Nilikuwa na homa, nikaandika kina cha kubahatisha."

Baba yake alishindwa kumtazama. Mama alikohoa maji, akanishika mkono na kuniambia, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa lugha ya huku. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ungeniambia njiani, ningekucheka kidogo tu, tukarudi."

Kijana alilia mbele ya wapiga makasia wote.

Mwanangu, homa si kosa, na kazi humshinda mtu mahali. Lakini ukijua ulipobahatisha, sema kabla watu hawajapanda. Hata wakishapanda, sema. Watakucheka, utalala, utaamka yamekwisha. Mungu akufungue mdomo siku hiyo, na wote wanaokuamini wafike salama.