Kutoka Kware Hadi Majengo kwa Miguu Yangu

Kaka yangu mkubwa, Idi, alinipigia simu Jumatano kuniambia kwamba familia imeamua nirudi kwa mama, Majengo, upande wa pili wa jiji, nikatunzwe. Mimi ni fundi wa kushona madera, naishi peke yangu orofa ya nne hapa Kware, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na fibromialjia: maumivu yanayozunguka mwili mzima, na uchovu usioisha hata ukilala.

"Ijumaa natuma gari na watu wa kubeba vitu," alisema.

Nikamwambia asitume chochote. Nitakuja mwenyewe, tena kwa miguu, tuongee ana kwa ana.

"Kwa miguu? Wewe ambaye ngazi zinakushinda?"

Hakujua kilichobadilika. Daktari aliniambia dawa peke yake haitatosha. Nilale na kuamka saa zile zile, nitembee kidogo kila siku, nipumzike kabla mwili haujaniangusha. Mwanzo nilitembea ushorobani, nikishika ukuta. Kisha hadi dukani. Kisha hadi barabara kuu na kurudi. Nilifanya hivyo tangu mvua za masika, bila kumwambia mtu.

Alhamisi asubuhi nilioga maji moto, nikanyoosha shingo na mgongo, nikateremka. Safari ambayo mtu mzima wa afya angeimaliza kabla ya adhuhuri, niliigawa siku mbili.

Donholm nilikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai, ingawa sikuwa nimechoka bado.

"Unangoja mtu?" akauliza.

"Naiwekea akiba miguu."

Alicheka, akanisogezea kikombe.

Buruburu nilifika mchana, kwa Wanjiru, rafiki niliyejifunza naye ushonaji. Alitaka kunitafutia pikipiki ya kesho yake. Nikakataa. "Haya basi, kula ulale," akasema, na usiku ulipoingia akazima televisheni mapema ili nipate usingizi.

Ijumaa, kwenye Barabara ya Jogoo, karibu na Makadara, maumivu yalinivamia. Mabega yaliwaka, nyayo zikawa kama nakanyaga kokoto. Nikaketi ukingoni mwa barabara. Mwendesha bodaboda akasimama. "Panda, mamaa, nikufikishe." Nilitaka sana kupanda. Nilimshukuru, nikabaki pale nikipumua taratibu mpaka mabega yakalegea, kisha nikaendelea kwa mwendo wa bibi harusi. Watu walinipita. Niliwaacha wapite.

Majengo niliingia watu wakitoka msikitini. Mama alinitazama mlangoni. Alienda kuchemsha maji, akaniosha miguu. Idi alikuwa amekaa kitini akiangalia tu.

Jumamosi asubuhi sikuweza kukunja vidole. Idi akaona jinsi ninavyoshika kikombe.

"Si nilikwambia? Sasa umejiumiza, na vitu vyako bado viko Kware."

"Maumivu haya nayajua, kaka. Nikilala yanakuja, nikitembea yanakuja. Bora yanikute kwangu, kwenye cherehani yangu."

"Na ukianguka kwenye zile ngazi?"

"Nitakaa kwenye ngazi mpaka niweze kuinuka. Nimeshafanya hivyo mara nyingi."

Alimgeukia mama amsaidie. Mama alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho. "Mwaka ule alipolala humu ndani bila kutoka, Idi, ndio niliomwogopea," akasema. "Mwache arudi kwake."

Idi alitoka. Baadaye alirudi na mafuta ya kukanda, akayaweka karibu yangu bila kuniangalia.

Jumapili nilipumzika. Jumatatu nilipanda gari kurudi, na sikuona haya hata kidogo. Barabara ilikuwa imenifundisha nilichokuwa nakipigania: kuamua mwenyewe lini nitatembea na lini nitakaa chini. Ugonjwa umeshaninyang'anya mengi. Hilo siwaachii ndugu zangu, hata wanaponipenda.

Langoni nilimkuta msimamizi wa ploti yetu ya nyumba za kupanga.

"Ndugu yako alipiga simu wiki iliyopita, akasema unahama," aliniambia. "Kuna mtu anakuja jioni kuiona nyumba."

"Mwambie asijisumbue," nikasema. "Ina mwenyewe."

Nikashika reli, nikaanza kupanda, nikipumzika kila orofa.